Mwanafunzi Aendaye Chuoni na Swali Lake

Maudhui ya mazungumzo yetu ya jioni hii ni mtu aliyekwisha kupata shahada yake ya kwanza, na pengine ya pili, akaona moyoni mwake kwamba elimu aliyoipata haijamtosha, akaazimia kurudi chuo kikuu, si kwa kufundishwa tena darasani pamoja na wenziwe, bali kwa kujisajili kuwa mtafiti, yaani mwanafunzi ambaye kazi yake ni kutafuta jambo ambalo hata walimu wake hawajalijua. Kila ufikapo msimu wa udahili watu wa namna hii huwa wengi, na aghalabu maulizo yao huwa yale yale: fomu hupatikana wapi, ada ni kiasi gani, vyeti vipi hutakiwa, na mwisho wa kupokea maombi ni lini. Maulizo haya ni ya haki, na majibu yake hutangazwa na vyuo vyenyewe kila mwaka, hata asiye na bidii kubwa huyapata. Lakini nathubutu kusema kwamba katika kazi nzima ya utafiti fomu ndiyo nyepesi kupita zote, na kwamba wengi waliokwama njiani walikwama kwa mambo yaliyopasa kutengenezwa kabla kalamu haijagusa karatasi. Mambo hayo kwa maoni yangu ni matatu: swali, msimamizi, na riziki.

Kijana aendaye kusomea shahada ya kwanza hukuta kila kitu kimekwisha kupangwa. Masomo yana majina, mihadhara ina saa zake, mitihani ina tarehe zake, na yeye hadaiwi zaidi ya matokeo mazuri ya kidato cha sita na nia ya kusoma. Mtafiti hakuti matengenezo ya namna hiyo, hasa yule aombaye shahada ya uzamivu kwa njia ya tasnifu pekee: hana ratiba ya vipindi, hana mtihani wa mwisho wa muhula, wala hana wenzi wa kushindana nao, kwa kuwa hakuna mwingine afanyaye jambo lile lile alifanyalo yeye. Chuo humwuliza neno moja tu, nalo ni kwamba, unataka kujua nini ambacho hakijajulikana? Akiwa na jibu, chuo kina mengi ya kumpa, maktaba na maabara, wasimamizi na barua za utambulisho, jina na heshima. Asipokuwa na jibu, chuo hakina swali la kumgawia. Na hata kama mwalimu mmoja kwa huruma yake atampa la kwake, litabaki kuwa la mwalimu, na siku ya taabu mwanafunzi hatakuwa na sababu ya kulifia.

Desturi hii ya kumpa mtu shahada kwa sababu ya utafiti wake si kongwe kama wengi wadhanivyo. Vyuo vikuu vimekuwako duniani kwa karne nyingi, lakini fikra ya kwamba chuo ni mahali pa kuzalisha maarifa mapya, wala si pa kuyahifadhi na kuyafundisha tu, ilipata nguvu nchini Ujerumani baada ya kuanzishwa kwa Chuo Kikuu cha Berlin mwaka 1810. Kutoka huko shahada ya udaktari wa falsafa kwa utafiti ilienea. Marekani ilitolewa mara ya kwanza na Yale mwaka 1861, na Uingereza ilikawia hata Oxford ikaikubali mwaka 1917. Kwetu Afrika Mashariki, Makerere, iliyoanza kama shule ya ufundi mwaka 1922, ilifungamanishwa na Chuo Kikuu cha London mwaka 1949. Chuo cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 1961 katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria. Mwaka 1963 vyuo vya Makerere, Nairobi na Dar es Salaam vikaunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na mwaka 1970 kila nchi ikabaki na chake. Kwa hiyo wengi katika kizazi cha kwanza cha watafiti wetu walilazimika kuvuka bahari, na maswali yao yalipimwa na watu ambao hawakuijua ardhi yalikotoka.

Mtazameni Bethwell Ogot wa Kenya, aliyesomea udaktari wa historia huko London. Alitaka kuandika historia ya Wajaluo, watu ambao hawakuacha hati wala nyaraka za karne zilizopita, katika zama ambazo wataalamu wengi wa Ulaya walishikilia kwamba pasipo maandishi hapana historia; Hugh Trevor-Roper, profesa mashuhuri wa Oxford, alisema hadharani mwaka 1963 kwamba katika Afrika ilikuwako historia ya Wazungu tu, na kilichosalia kilikuwa giza. Ogot aliwaendea wazee, akayakusanya masimulizi yao ya nasaba na mahamio, akayalinganisha moja kwa jingine kama hakimu alinganishavyo mashahidi, na kitabu chake juu ya Wajaluo wa kusini kikatoka mwaka 1967. Mwaka huo huo Isaria Kimambo, mzaliwa wa Upare, alipata shahada yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Northwestern huko Marekani kwa kuwatafiti Wapare, jinsi walivyoanzisha tawala zao na jinsi huko Ugweno Wasuya walivyowaondoa katika madaraka Washana waliokuwa mafundi wa chuma. Kitabu chake kilichapishwa mwaka 1969, naye akarejea Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuwa nguzo mojawapo ya idara ya historia.

Nimewataja wawili hawa kwa kuwa maswali yao yana sifa tatu ambazo kila mwombaji angefaa kulipimia la kwake. Kwanza, yalitoka mahali walipopajua, wakajua lugha, wakajua nani wa kuulizwa. Pili, yalikuwa na mipaka: watu fulani, mahali fulani, zama fulani. Tatu, yalikuwa na ushahidi ambao wengine walikuwa wameudharau, hata ukawa unangoja tu mtu wa kuuchukua kwa insafu. Wala sifa hizi si za wanahistoria peke yao. Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba mwaka 1963 alipoona kwamba maziwa ya moto aliyoyatia katika jokofu kutengenezea aiskrimu yaliganda kabla ya yale yaliyopozwa. Akamwuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, alipokuwa Mkwawa huko Iringa, akamwuliza swali lile lile mhadhiri mgeni kutoka chuo cha Dar es Salaam, Denis Osborne, na wenziwe wakacheka; lakini Osborne hakucheka, alikwenda kulipima, na mwaka 1969 wawili hao wakaandika makala pamoja. Wanafizikia wanaendelea kubishana juu ya jambo hilo, juu ya sababu zake na hata juu ya kuwapo kwake, na jina la Mpemba limebaki katika mabishano yao. Hakuwa na shahada hata moja wakati ule. Alikuwa na swali aliloliona kwa macho yake, na ushupavu wa kutoliacha.

Kosa la kawaida la mwombaji ni upana. Huandika kwamba atatafiti elimu katika Afrika, au uvuvi katika bahari ya Hindi, au athari za utandawazi katika utamaduni, akidhani kwamba ukubwa wa mada ndio ukubwa wa msomi. Jahazi lililopakiwa kupita kiasi halingoji tufani. Shehena yake yenyewe hulitosa. Laiti mtu yule wa uvuvi angejiuliza, je, kufungwa kwa mwamba kwa miezi michache ili pweza wapate kukua, katika kijiji kimoja cha Pemba, kumebadilishaje kipato cha wanawake wachokoao pweza maji yatokapo? Hapo ana watu wa kuhesabu, ana msimu wa kupima kabla na baada, ana wapimaji wengine wa kulinganisha nao, na akilijibu vema, jibu lake litazungumza na visiwa na pwani nyingine ambazo hakuzitaja kamwe.

Jambo la pili ni msimamizi. Wazee wetu wa mwambao walilifahamu jambo hili vizuri sana kabla ya kuwako vyuo vya leo, kwani mtafuta elimu hakuuliza msikiti upi una jengo zuri, aliuliza sheikh yupi ana fani fulani, akafunga safari hata Lamu, hata Hadhramaut, hata Makka. Na ijaza aliyoipata ilitolewa na sheikh mwenyewe kwa kitabu maalumu alichokisoma kwake, ikitaja na masheikh wa sheikh. Ahmad bin Sumayt, aliyezaliwa Ngazija mwaka 1861 na kuwa kadhi maarufu wa Unguja, naye alikwenda kutafuta walimu wa Hadhramaut. Leo cheti hutolewa na chuo na kutiwa muhuri wa chuo, lakini kwa mtafiti ukweli wa zamani haujabadilika: miaka yake yote atakayokuwa amesajiliwa ataishi chini ya macho ya mtu mmoja au wawili, na tabia ya watu hao itampata kila siku kuliko sifa za chuo chao.

Tazameni kisa cha Wangari Maathai. Alirejea Nairobi mwaka 1966 na shahada ya pili ya Chuo Kikuu cha Pittsburgh, na kazi aliyoahidiwa chuoni akaikuta amepewa mtu mwingine. Aliyemfungulia njia alikuwa profesa mmoja Mjerumani, Reinhold Hofmann wa Giessen, aliyekuwa akijenga idara ya anatomia ya wanyama Nairobi. Akamchukua kuwa msaidizi wake, akamhimiza kwenda kufanya utafiti Ujerumani, na mwaka 1971 Wangari akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na ya Kati kupata udaktari, akiupata katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Akili na juhudi zilikuwa zake mwenyewe, hakuna awezaye kumnyang'anya. Lakini pasipo mtu wa kuzitambua zingekawia, na pengine zingepotelea pengine.

Basi mwombaji mwenye busara huanza kwa kusoma. Husoma makala za karibuni katika fani yake, akaona ni nani anayeandika juu ya jambo linalomhusu. Kisha humwandikia barua fupi ya adabu, ukurasa mmoja, akieleza swali lake na kwa nini amemfikiria yeye. Wala asione haya kuuliza, kwake au kwa wanafunzi wake, mambo ambayo hayaandikwi katika vitabu vya chuo: wangapi amewasimamia wakamaliza, hurudisha sura ya tasnifu baada ya muda gani, yu karibu kustaafu au kwenda likizo ya kitaaluma, na wale wasimamizi wawili watakaoteuliwa wanaelewana au la, maana mwanafunzi aliye kati ya wakubwa wawili wasiopatana ni nyasi za mapambano ya ndovu. Profesa mwenye jina kubwa asiyekuwa na nafasi hamfai mwanafunzi kama mhadhiri mwandamizi asomaye kila aya.

Swali likiwapo na msimamizi akipatikana, taratibu za chuo hazitishi. Mwombaji huleta vyeti na nakala za matokeo, na kama alisoma nje ya nchi hupeleka shahada zake kwa Tume ya Vyuo Vikuu zitambuliwe. Huleta majina ya wadhamini wa kitaaluma. Na huleta dokezo la utafiti, kurasa chache zionyeshazo tatizo, yaliyokwisha andikwa, na njia atakayoipita. Katika vyuo vyetu vingi hupokewa kwanza kwa usajili wa muda, akapewa miezi kadhaa ya kulikuza dokezo lake mpaka liwe pendekezo kamili, kisha akalitetea mbele ya idara. Siku hiyo wengi huiogopa kupita kadiri. Wanaouliza kwa ukali katika kikao kile wanamkopesha akili zao bure. Kila shimo watakaloliona leo ni shimo ambalo mtahini wa nje hataliona baada ya miaka minne, wakati ambapo kulifukia kutagharimu mara kumi. Aandike kila neno wasemalo, na jioni asibishane nao moyoni, bali alale, na kesho yake aanze kusahihisha.

Baada ya hapo huja ruhusa, na hapa mtafiti hujifunza jambo ambalo darasa halimfundishi, kwamba maarifa yana wenyewe. Tanzania, mtafiti atokaye nchi za nje huomba kibali kwa Tume ya Sayansi na Teknolojia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986. Kenya jukumu kama hilo liko mikononi mwa tume iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2013. Na Zanzibar ina utaratibu wake yenyewe, hata kwa atokaye bara. Utafiti wa afya hupita katika kamati za maadili, na Tanzania iko Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu iliyoanzishwa mwaka 1979. Mwanafunzi wa Mlimani hupewa barua na Makamu Mkuu wa Chuo kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa. Mkoa humwandikia barua kwenda wilayani, wilaya humpeleka kwa Mtendaji wa Kata, na kata humkabidhi kwa kijiji. Wako waionao njia hii kuwa ni urasimu mtupu, na sina budi kukiri kwamba wakati mwingine barua moja hulala mezani juma zima kwa kumngoja mtia saini. Lakini fikirini maana yake: mtu mgeni anakuja kumwuliza mama wa kijijini juu ya ugonjwa wake, au ndoa yake, au shamba alilorithi, ni haki mama yule ajue mgeni ametumwa na nani, na anaweza kumshtaki kwa nani, na kwamba akikataa kujibu hakuna wa kumlazimisha. Ruhusa kubwa kupita zote hutolewa na huyo mama, na haina muhuri.

Sasa niseme juu ya riziki, jambo ambalo wasomi hulionea haya. Ratiba za vyuo aghalabu huandika miaka 3 au 4 kwa shahada ya uzamivu, lakini mwenye kupanga fedha zake kwa miaka hiyo tu amejidanganya, kwa sababu uwanda una mvua zake, mitambo ya maabara ina maradhi yake, wasimamizi wana safari zao, na watahini wana kazi nyingine. Ada hulipwa kila mwaka aliosajiliwa, hata mwaka ambao hakukanyaga maktaba. Juu ya ada zimo nauli, malipo ya wasaidizi wa uwandani, uchapaji na vipimo. Na nyuma ya hayo yote iko nyumba, yenye watoto wa kusomesha na wazee wa kutunza. Mwajiriwa na afanye makubaliano na mwajiri wake kwa maandishi, ajue kama likizo ina mshahara au haina, na atadaiwa kutumikia miaka mingapi akirudi. Asiyeweza kuacha kazi azifikirie taasisi zilizoundwa kwa ajili ya watu kama yeye, mathalani Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992. Na mwenye mume au mke amkalishe kitako wazungumze mapema, maana mtafiti atakuwapo nyumbani kwa mwili na kuwa ghaibu kwa fikra usiku mwingi, na asiyetaarifiwa hudhani amechukiwa.

Huenda msikilizaji mmoja akasema, bwana we, mimi mhadhiri msaidizi, chuo changu kinanidai udaktari ili nipandishwe cheo, sina anasa ya kutafuta swali la moyoni. Namwelewa, wala simlaumu; kutafuta cheo cha halali si dhambi. Lakini cheo kiko mbali, na swali liko karibu. Usiku wa mwaka wa pili, takwimu zikikataa kukubaliana na nadharia, haja ya kupandishwa daraja haimwonyeshi mtu wapi pana kosa, ila hamu ya kujua humrudisha mezani. Tena aliyejisajili kwa ajili ya jina tu yu jirani na vishawishi viwili vibaya, kuiba maneno ya wengine na kubuni majibu ya watu ambao hakuwauliza. Na hivi vyote viwili huvunja kazi nzima, kwa sababu tasnifu haina thamani nyingine ila uaminifu wa aliyeiandika.

Limebaki deni moja ambalo mtafiti huliandika siku ile ile ya kujisajili, ijapokuwa fomu haina nafasi yake, nalo ni deni la wale watakaompa habari. Wanafunzi wa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili pale Mlimani, iliyorithi mwaka 2009 kazi za taasisi ya uchunguzi ya mwaka 1964, huandika tasnifu zao kwa lugha ambayo msimuliaji wao anaweza kuisoma. Lakini mtafiti wa pweza, au wa malaria, au wa udongo, aghalabu huandika kwa Kiingereza, na kitabu chake kikawekwa mahali ambapo mchokoa pweza hatafika. Basi tangu mwanzo aweke katika mpango wake, na katika hesabu ya fedha zake, nauli ya kurudi kijijini, na kurasa tano za Kiswahili chepesi kueleza alichokiona, hata kama alichokiona hakiwapendezi.

Kwa hiyo ndugu msikilizaji, ukiwa na swali lenye mipaka, ukiwa na mtu aliyekubali kulisimamia, na ukiwa umekwisha kuhesabu riziki ya miaka miwili zaidi ya ile iliyoandikwa, jaza fomu hata kesho asubuhi. Ukikosa moja katika hayo, subiri mwaka, usome, uulize, uweke akiba; kungoja huko ni sehemu ya utafiti, na hakulipiwi ada.